Usiongeze, Usipunguze, Usijibu

9 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

"Wanaokidharau Kiingereza ni wale waliokishindwa." Maneno hayo yametoka redioni, kwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai yenyewe ikaishia kwenye shati. Kwanza ni uongo. Pili ni matusi. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, alikuwa ananijibu mimi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika kwenye safu yangu kwamba tumekifanya Kiingereza kuwa mizani ya kupimia akili, na kwamba mizani hiyo huwapunja wenye akili na kuwajazia wenye sauti. Naye badala ya kujibu hoja akanishika shati.

Kabla sijaendelea: u hali gani? Baba hajambo? Kwangu salama, ukiacha goti la kulia linalotabiri mvua, na mwenye nyumba asiyetabirika.

Sasa, uongo wa kauli ile nimeuthibitisha hivi. Nilitoa kabatini kitabu cha Kiingereza nilichokinunua zamani kwa ajili ya jalada lake, nikikusudia kunukuu sentensi moja ya kumkomoa. Sentensi ya kwanza ilianzia juu ya ukurasa ikaishia karibu na chini. Niliingia humo nikiwa na kamusi, nikatoka upande wa pili sijui nani alimfanya nani nini. Nikarudia. Mara ya pili nilidhani kuna mtu amekufa. Mara ya tatu nikagundua ni habari ya kodi ya ardhi.

Kwa hiyo nimejiandikisha darasa la jioni. Mtihani ni mwisho wa Juni. Nitachukua cheti, nitakitundika ukutani, kisha nitakidharau Kiingereza nikiwa na kibali. Tuone atashika wapi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Nimefurahi mno kwamba hospitali imekuchagua kwenda mafunzo. Kuhusu hoja yako juu ya malezi ya wazee katika jamii ya leo, ni hoja nzito, na msimamo wangu unaujua: jamii isiyotunza wazee wake inajichimbia. Tutaongea.

Msalimie baba.

Kaka yako,
Mbishi


27 Februari

Kaka Mbishi, shikamoo.

Sisi wazima. Baba ni mzima kwa kiasi chake. Juzi alibandika chai jikoni akaisahau mpaka sufuria ikawa nyeusi ndani na nje. Nilipomwuliza akasema sufuria za siku hizi hazina uvumilivu. Bado anakaa kwenye cherehani yake kuanzia asubuhi, ingawa wateja waliobaki ni wawili, na mmoja wao ni mimi. Nina magauni manne mapya. Mikono imepishana kidogo, lakini nikivaa koti la maabara hakuna anayeona.

Pole na shati. Pole na goti. Mtangazaji nitamwombea.

Kaka, mimi sikuleta hoja juu ya malezi ya wazee katika jamii ya leo. Nilisema hivi: mafunzo ya upimaji wa damu yanaanza tarehe moja Julai, ni ya mwaka mzima, na tunalala huko huko. Baba hawezi kubaki peke yake. Naomba akakae kwako mwaka huo. Hamna jamii humo. Kuna baba, kuna wewe, kuna tarehe.

Nasubiri jibu.

Kitinda


30 Machi

Mdogo wangu,

Usione kimya. Goti limepoa, mwenye nyumba hajapoa. Yule paka niliyekuwa namfukuza amezaa ndani ya kabati la magazeti, na sasa mimi ndiye ninayebisha hodi.

Darasa letu liko ghorofani, juu ya duka la rangi, kiasi kwamba ukitoka somoni kichwa kinauma na hujui umlaumu nani. Mwalimu ni binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, kama ningewahi kutulia na mtu mmoja muda wa kutosha. Siku ya kwanza aliandika ubaoni masharti matatu. Sentensi ngumu ikisomwa, useme kwa maneno yako mwenyewe inachosema. Usiongeze. Usipunguze. Usijibu. Tunakaa wawiliwawili. Aliyesoma ndiye mwamuzi: ukipatia anakwambia "Ndicho", ukikosea anakwambia "Sicho", na hamwendi sentensi ya pili mpaka "Ndicho" ipatikane.

Nilicheka moyoni. Mtu aliyeandika safu miaka ishirini na mbili ataelezwa namna ya kueleza?

Sentensi yangu ya kwanza ilihusu daraja. Ikisafirishwa kuja huku kwetu, ilikuwa inasema takriban hivi: haiwezi kudaiwa kwamba waliolipinga daraja lile hawakuwa na sababu, ingawa si kila aliyekuwa na sababu alilipinga, wala si kila aliyelipinga aliweza kuikumbuka sababu yake. Nilihesabu makanusho kwa vidole, vikaniishia kwenye kidole gumba. Kisha nikasimama nikatamka kwa Kiingereza changu, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: "Daraja lijengwe."

"Nani amekuuliza, mzee wangu?" Mwalimu akaniuliza.

"Wale wanaolipinga."

"Hawamo darasani humu."

"Wapo kila mahali, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikainama, ukumbi wote ukiwa wangu, mpaka nikakumbuka kwamba nimepata sifuri.

Aliyenifuata ni mshereheshaji wa harusi, bwana mnene mwenye sauti ya asali, anayetaka Kiingereza ili apandishe daraja la wateja. Yeye, kwa sentensi hiyo hiyo, alisema: "Tunawashukuru wote waliofika darajani, na waliochelewa tunawapa pole ya safari." Mwalimu akafumba macho. Akasema, "Huyu kila sentensi anapigana nayo, huyu kila sentensi anaifungisha ndoa. Kaeni pamoja."

Basi ndiye mwenzangu. Mimi naongeza pilipili, yeye anaongeza sukari, na sentensi yenyewe bado hatujaionja.

Naambatanisha makala yangu ya Jumapili, "Taifa Linalowasahau Wazee Wake". Imepata barua nyingi za wasomaji. Utaona kwamba nimekutetea kwa nguvu zangu zote, bila kukutaja. Nadhani hilo linajibu barua yako.

Mbishi


16 Aprili

Kaka, shikamoo.

Tunaendelea. Mvua imetuharibia paa la jikoni, fundi amekuja, amelitazama kwa masikitiko, amekwenda. Shangazi anakusalimu na anauliza kama bado huoi.

Makala yako nimemsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya cherehani. Kisha akaniuliza, "Huyu aliyeandika, baba yake yuko wapi?"

Sikujua kama anatania au amesahau. Siku hizi sijui, Kaka, naye halisemi. Nikamwambia, "Yupo." Akasema, "Basi vizuri."

Hapana, haijajibu barua yangu. Umetetea wazee wa taifa zima. Wa kwako bado yuko kwangu.

Nitakwambia jambo ambalo nilijiapia nisiliandike. Ulipokuja mara ya mwisho, baba alikuomba umpitishie uzi kwenye sindano, kwa sababu yeye tundu halioni tena. Ukasema simu inaita, ukatoka nje. Simu yako ilikuwa mezani, Kaka, karibu na mkasi, imezimika. Kesho yake ukaondoka na basi la alfajiri. Sikulaumu. Hata mimi siku ya kwanza aliponiomba nilijisikia vibaya. Mtu aliyekushonea sare zako zote anakunyooshea sindano kama mtoto. Lakini mimi niliipitisha, kwa sababu nilikuwa ndani.

Hospitali inataka nithibitishe kufikia tarehe kumi na tano Juni. Nisipothibitisha, nafasi inapewa mwingine, na sitamlaumu akiichukua. Nina miaka arobaini na minne. Nimekaa kwenye kile kiti cha maabara nikiwafundisha kazi vijana wanaonipita wakawa wakubwa zangu.

Baba akakae kwako. Mwaka mmoja. Ndiyo au hapana.

Kitinda


20 Mei

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Paka amehama na watoto wake, nadhani kwa sababu ya kelele za mimi na mshereheshaji tukifanya mazoezi. Shangazi mwambie bado natafuta mwanamke asiyesoma magazeti.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya kamusi. Nitaifikia.

Jaribio la katikati ya muhula nimeanguka. Kwenye karatasi yangu Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Umeeleza vizuri sana unachofikiri. Sentensi inafikiri nini?" Nimeisoma kauli hiyo nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa. Miaka ishirini na mbili nimepokea matusi ya kila aina, ya kisiasa, ya kidini, mengine yamepigwa chapa, na hakuna lililonipata kama hilo.

Kisha akatupa kazi ya nyumbani. Kila mtu achukue kauli aliyoambiwa na mtu, aiseme kwa maneno yake, ampelekee mwenyewe, na asirudi bila "Ndicho". Kwa lugha yoyote, akasema, maana ameanza kushuku kwamba tatizo letu si Kiingereza.

Unajua nilimchagua nani. Nikampigia mtangazaji. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nimevaa na viatu, ingawa ni simu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mwezi wa pili ulisema redioni kwamba mtu yeyote anayekosoa nafasi ya Kiingereza ni kwa sababu alijaribu kujifunza akashindwa. Ndicho, sicho?"

"Sicho," akasema.

"Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia nusu, kaka. Nilisema wapo wanaodai kwamba wanaokidharau Kiingereza ni wale waliokishindwa, na kwamba mimi sikubaliani nao. Halafu nikasoma makala yako hewani, karibu yote. Hukuisikia?"

"Nilikuwa nafuta chai."

"Pole. Tulipokea simu nyingi za pongezi. Nilishangaa hukushukuru, na wiki iliyofuata nikashangaa zaidi uliponiita kasuku kwenye gazeti."

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, nalitazama kama mtu anayetazama gari lake likiwa mtoni. Mdogo wangu, nimelipia darasa, nimepanda zile ngazi za duka la rangi, nimevuta mvuke wa rangi miezi mitatu, nimeitwa mzee na watoto, ili kumjibu mtu aliyekuwa upande wangu. Nyani haoni kundule, lakini nyani hata kama haoni, huwa hajaandika juu yake makala nne. Nimemwomba radhi. Akanialika kwenye kipindi chake tuzungumze kuhusu kusikiliza. Nikakubali, kisha nikamkatiza alipokuwa anaeleza saa.

Sasa kuhusu lile suala lako. Fikiria na wewe. Chumba changu cha pili kimejaa magazeti toka sakafuni hadi dirishani. Ngazi za nyumba hii ni mwinuko, na baba si wa kupanda ngazi. Jirani wa chini anacheza muziki. Mtihani wangu ni tarehe ishirini na nane Juni, siku tatu tu kabla ya mafunzo yako. Akili yangu haiwezi kubeba mawili. Na baba mwenyewe je, ameulizwa? Mimi na yeye tukikaa chumba kimoja hata redio huomba kuzimwa. Tupite kwanza mtihani, halafu tuone.

Mbishi


1 Juni

Kaka, shikamoo.

Tuko salama. Paa limezibwa. Jirani amejifungua pacha. Baba ameulizwa, amesema, "Kwa Mbishi? Ataniruhusu kuongea?"

Mwalimu wako nimempenda. Nami nakuletea zoezi. Sentensi ni hii:

"Usipomchukua baba kabla ya tarehe kumi na tano, mimi siendi."

Sema kwa maneno yako mwenyewe. Usiongeze, usipunguze, usijibu.

Kitinda


6 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea dereva wa basi, maana posta ningeiamini kama tungekuwa na mwaka.

Salamu nitazifupisha: mimi mzima, na ulichoniandikia nilikistahili.

Zoezi lako nililifanya peke yangu kwanza. Nikaandika: "Dada yangu anasema kwamba katika mfumo usio na huduma kwa wazee, mzigo wote huangukia wanawake, na kwamba ndoto zao huzimwa na tarehe za waajiri." Nikaisoma kwa sauti. Ilipendeza sana. Nilikuwa karibu kuipeleka gazetini.

Jioni nikaenda nayo darasani. Nikamkabidhi mshereheshaji barua yako awe mwamuzi. Akaisoma, akajifuta uso kwa leso yake ya kazini, akasema kwamba na yeye angependa kujaribu. "Dada mpendwa anakukaribisha nyumbani mfurahi pamoja na mzee kabla hajasafiri." Nikamwambia sicho. Akasema, "Najua. Nilitaka nikupunguzie."

Nikasoma yangu ya mfumo. "Sicho," akasema.

Nikajaribu tena. "Anasema mimi ni mwana asiye na faida. Anasema nimekimbia, kwamba ninajua kutetea wazee wa watu na wa kwangu nimemwachia yeye, na kwamba mtu mwenye aibu asingengoja kuambiwa mara nne." Hapo niliona nimefika. Sauti ilikuwa imenibadilika, na msusi wa dawati la mbele alikuwa ameacha kuandika. Nikangoja "Ndicho" yangu.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akanyoosha mkono, akaisoma sentensi yako, ni mstari mmoja tu. "Hakusema hayo," akasema. "Hayo umeyaongeza wewe. Hata kujilaumu ni kuongeza, mzee wangu. Bado unajizungumzia."

Kitinda, nimejicheka hadharani tangu Februari, na nilidhani huo ndio unyenyekevu. Kumbe ni safu nyingine tu, na mada ni ile ile.

Nikakaa. Nikaisoma sentensi yako neno kwa neno, kama zile za daraja, nikaona makanusho yake hayanichanganyi, wala koma yake moja haitoshi kujificha nyuma yake. Nikasema, "Dada yangu atapoteza mafunzo yake ikiwa baba hatakuwa amehamia kwangu kufikia tarehe kumi na tano."

Mshereheshaji akaipokea barua yako kwa Mwalimu, akailinganisha na nilichosema. Akasema, "Kwangu mimi ndicho. Lakini mwenye sentensi ni dada yako."

Basi nakuuliza wewe. Ndicho?

Ulisema nisijibu. Lakini Mwalimu anasema ukishasema sawasawa alichosema mwenzako, kujibu kunaruhusiwa. Jibu langu ni hili: nakuja Jumamosi hii kumchukua baba. Kesho asubuhi nenda hospitali ukathibitishe, usinisubiri nifike.

Chumba cha pili kitakuwa wazi. Darasa zima limekuja kubeba magazeti, wakisaidiana ngazini. Mshereheshaji ana gari la kubebea spika, ndilo litakaloleta cherehani. Magazeti kachukua muuza karanga wa kona, kwa hiyo makala yangu sasa yanafungiwa karanga, na nimewaona watu wakiyasoma mpaka mwisho, jambo ambalo halijapata kutokea. Jirani wa muziki nimemwambia apunguze. Alijibu kwamba ameshaacha tangu Aprili, ni mimi tu sikugundua.

Mtihani utafanyika bila mimi. Kuna mwingine Desemba.

Kaka yako


20 Julai

Kaka, shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu pia, umwambie gauni la bluu limesifiwa, hata mikono.

Huku ni vitanda vinne chumba kimoja, na ratiba ya kuoga inayoheshimiwa kuliko sheria. Wenzangu ni watatu, wote wafanyakazi wa maabara kama mimi, wote wadogo kwangu. Nawasomea barua zako kwa sauti. Wanataka kujua kama mshereheshaji ameoa.

Siku ile mlangoni uliniuliza tena, nami nikajifanya nakunja mashati ya baba. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na gari lilikuwa linangoja. Nasema sasa. Ndicho.

Lakini Kaka, shangazi ameniandikia kwamba baba alipotea mchana mzima, mkamtafuta. Mbona hukuniambia? Tangu nipate habari hiyo, darasani nasikia sauti tu, maneno hayaniingii. Nimefikiria kwenda kwa mkuu wa mafunzo mwisho wa mwezi ujao, nimweleze kwamba nyumbani hakujatulia, niombe kurudi. Labda wataniwekea nafasi mwakani. Labda hawataniwekea. Mzee ni mmoja.

Kitinda


4 Agosti

Mdogo wangu Kitinda,

Baba mzima. Ameshiba, amekaa dirishani, anaikosoa redio. Mimi mzima. Mshereheshaji hajaoa, anasema kazi ya kufurahia harusi za watu imemmalizia hamu, lakini moyo wake uko tayari kushawishiwa.

Shangazi amesema kweli. Baba alitoka asubuhi nikiwa bafuni. Nilizunguka mitaa yote na pumzi yangu fupi ya mwandishi wa gazeti, nikamkuta kwa fundi nguo mmoja nyuma ya stendi, kavua koti, anambishia juu ya pindo la suruali. Fundi alikuwa ameshaanza kufumua. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utarudi, nami nikawa nimepunguza, nimefanya vibaya. Sasa fundi yule anampitia kila asubuhi anakwenda naye, na adhuhuri anamrudisha. Anasema baba amemwokolea pindo nyingi. Wateja wanasema anawachelewesha. Yote mawili ni kweli.

Kwamba tunagombana, tunagombana. Lakini nimemwekea baba sharti la Mwalimu. Akisema jambo, sijibu mpaka nilirudie kwa maneno yangu. Naye ameligeuza mchezo wa kunitesa. Nikisema, "Baba, unasema kwamba chumvi imezidi?" ananitazama kwa huruma, "Sicho." "Kwamba wali haujaiva?" "Sicho." Jana tulipita hivyo chakula kizima, mpaka nikasema, "Basi, unasema kwamba chakula ni kizuri ila hutaki kunisifu." Akaweka kijiko chini. "Umeongeza," akasema.

Wiki iliyopita alininyooshea sindano. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na nakuapia haikuita. Nikavaa miwani, nikalowesha uzi, nikakosa. Nikakosa tena. Nikausokota, nikaulaumu, nikamweleza baba kwamba matundu ya sindano yalikuwa makubwa zamani. "Acha kubishana na tundu," akasema, "pitisha tu." Nikanyamaza, ukapita. Akaichukua sindano kwangu, akaiinua kwenye mwanga, akaugusa uzi kwa kidole toka upande mmoja hadi mwingine kuhakikisha. "Ndicho," akasema, akaanza kushona.

Zipo siku hanijui. Ananiita fundi, tena fundi mpya, asiyejua kazi. Siku hizo pia anakula, analala, anashona. Nakuambia ili nisipunguze.

Sasa nakuacha wewe kidogo. Ninyi watatu mnaolala chumba kimoja na dada yangu, mnaosomewa barua hizi na kucheka: nina dai, na ni kwenu. Hapa chini nimeandika sentensi moja. Msomeeni nyinyi, kwa sauti, yeye asimame, aiseme kwa maneno yake mwenyewe.

"Baba ana mahali pake, nami nipo, maliza mwaka."

Akitia "lakini", mwambieni sicho. Akiupunguza mwaka ukawa muhula, mwambieni sicho. Akinyamaza akaanza kukunja nguo, huko ni kujibu: mtoeni begi mkononi, mumkalishe, mumsomee tena tangu mwanzo. Wala msimwache alale mpaka aipate.

Kaka yenu,
Mbishi